Namna ya Kutambua Sisti Adimu za Kongosho Zisizo za Saratani

Sisti ya kongosho, yaani kifuko chenye majimaji ndani ya kiungo hicho au ubavuni mwake, siku hizi hugunduliwa zaidi bila kutafutwa. Mtu amepigwa picha ya CT kwa sababu ya mawe ya figo, na kwenye ripoti unakuta mstari mmoja unaosema kwamba mkiani mwa kongosho kuna sisti ya sentimita 4. Tangu hapo tabibu anadaiwa jibu: je, kifuko hiki kinaweza kugeuka saratani, au ni kitu ambacho mgonjwa angezeeka nacho bila kudhurika? Mwongozo huu unawahusu matabibu na wanafunzi wa udaktari wanaokutana na sisti za aina ya pili, hasa zile ambazo hata hospitali kubwa huziona mara chache, na ambazo kwa sababu hiyo hutambuliwa baada ya upasuaji, wakati kipande cha kongosho kimekwisha kufika maabara.

Kuchelewa huko kuna gharama kwa mgonjwa. Upasuaji wa kichwa cha kongosho huondoa pia duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), kibofu cha nyongo na sehemu ya mrija wa nyongo. Upasuaji wa mkia mara nyingi huondoka na wengu, na asiye na wengu anahitaji chanjo maalumu dhidi ya bakteria kama numokoka na meningokoka, pamoja na tahadhari ya homa maisha yake yote. Wapo wanaobaki na kisukari. Hayo yote yanastahili pale tunapozuia saratani, lakini hayastahili kwa sisti isiyo na nia mbaya ambayo ingetambulika kwa sindano moja iliyotumiwa vizuri.

Jambo ninalotaka msomaji alishike tangu mwanzo ni kwamba katika sisti hizi adimu vipimo vya namba tunavyovitegemea ndivyo vinavyopotosha zaidi. Alama za saratani zinaweza kupanda sana palipo na ugonjwa usio na madhara. Kinachookoa ni kuyatazama majimaji yenyewe kwa macho na kwa hadubini, kisha kuuliza kama yanakubaliana na picha pamoja na historia ya mgonjwa.

Anza kwa kuziondoa zile za kawaida

Sisti adimu haitambuliki kabla ya zile za kawaida kuwekwa kando, na kazi hiyo huanza kwa maswali, si kwa mashine. Uliza kama mgonjwa amewahi kupata shambulio la kuvimba kwa kongosho, kama hutumia pombe, kama ana mawe kwenye nyongo, kama aliwahi kugongwa tumboni kwa nguvu. Sisti bandia, ambayo ukuta wake ni kovu tu lisilo na utando wa seli, huzaliwa kutokana na matukio hayo, na kwa kawaida huhitaji takriban wiki 4 tangu shambulio lianze ndipo ukuta wake ukomae. Tafuta picha za zamani kwa bidii, hata zile zilizopigwa kwa sababu nyingine kabisa. Sisti iliyokuwapo kabla ya shambulio la kwanza haiwezi kuwa sisti bandia iliyoletwa na shambulio hilo. Pengine ndiyo iliyolisababisha.

Uliza pia kuhusu ukoo. Mwenye ndugu aliyepata uvimbe wa figo, wa macho au wa ubongo katika umri mdogo anaweza kuwa na ugonjwa wa Von Hippel-Lindau, ambao huijaza kongosho sisti nyingi nyepesi. Ugonjwa wa kurithi wa figo zenye sisti nyingi huleta sisti za kongosho pia, na sistiki faibrosisi inaweza kugeuza sehemu kubwa ya kiungo hiki kuwa vifuko. Kwa wagonjwa hawa utambuzi unapatikana nje ya kongosho, na anayeitazama kongosho peke yake ataukosa.

Umri na jinsia vina uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Sisti ya ute yenye tishu inayofanana na ya ovari huwapata karibu wanawake peke yao, huwa kwenye kiwiliwili au mkia wa kongosho, na inaweza kugeuka saratani. Uvimbe wenye sehemu ngumu na sehemu za damu iliyoganda kwa msichana au mwanamke kijana unapaswa kuleta wazo la uvimbe mgumu wa kichuchu bandia, ambao nao huondolewa. Uvimbe wa ute unaoota ndani ya mifereji huwapata wazee wa jinsia zote mbili, na alama yake ni kuungana na mfereji wa kongosho. Sistadenoma ya majimaji mepesi ndiyo sisti isiyo ya saratani ambayo kila mtaalamu ameiona: vijumba vidogo vingi kama sega la nyuki, na kwa baadhi ya wagonjwa kovu katikati lenye chembe za chokaa.

Picha inayofaa ni CT iliyopigwa kwa awamu za kongosho pamoja na MRI yenye MRCP, inayoonyesha mifereji ya nyongo na ya kongosho bila kuchoma sindano. Unapoisoma, jiulize mahali sisti ilipo, kama imezama ndani ya kongosho au inaning'inia nje yake, kama inaungana na mfereji, kama ina kuta za ndani, na kama ina sehemu ngumu. Palipo na sehemu ngumu, angalia jinsi inavyong'aa baada ya dawa ya kontrasti, awamu kwa awamu. Swali hili la mwisho hupuuzwa mara nyingi, na tutaona linavyoweza kumaliza shauri lote.

Kabla ya kuendelea, tafuta dalili za hatari. Miongozo ya kimataifa kuhusu uvimbe wa ute wa mifereji inahesabu kuwa hatari kubwa umanjano unaotokana na sisti kichwani mwa kongosho, kinundu ukutani kinachong'aa cha milimita 5 au zaidi, na mfereji mkuu uliopanuka kufikia milimita 10. Mgonjwa mwenye mojawapo ya hizo hapelekwi kwenye njia ya kutafuta ugonjwa adimu. Anapelekwa kwenye kikao cha wapasuaji.

Sisti ya limfu na seli bapa

Nitakaa zaidi kwenye hii kwa sababu ndiyo inayodanganya kuliko zote. Ilielezwa mwaka 1985, na wengi wa wagonjwa wake ni wanaume wa umri wa kati au wazee. Ukuta wake wa ndani umefunikwa na seli bapa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka kama ngozi, na nje ya tabaka hizo kuna mkanda mnene wa limfosaiti, yaani chembe nyeupe za kinga, mara nyingine wenye vitovu vya limfu kama vile vya kwenye mtoki. Ndani yake hujaa keratini, ile ile inayopukutika kwenye ngozi.

Kwenye picha, mara nyingi huning'inia nje ya kongosho kana kwamba imebandikwa ukingoni. Kwa kuwa ndani yake hakuna maji mepesi bali uji wa keratini, kwenye picha ya T2 ya MRI haing'ai kwa usawa kama sisti nyingine, na kwenye picha za msambao wa maji inaweza kuonekana kama mahali ambapo maji hayasambai kwa uhuru. Hali hiyo humfanya msomaji wa picha aiite uvimbe mgumu.

Hapa ndipo namba zinapopotosha. Katika majimaji ya sisti za kongosho tumezoea kupima CEA, protini inayotumiwa kama alama ya saratani, na kiwango cha nanogramu 192 kwa mililita, kilichopatikana katika utafiti uliochapishwa na Brugge na wenzake mwaka 2004, hutumiwa kutenganisha sisti za ute na zisizo za ute. Sisti ya limfu na seli bapa inaweza kuvuka kiwango hicho kwa mbali, kwa sababu seli bapa zenyewe zinatengeneza CEA. CA 19-9 ya damu, alama nyingine ya saratani, nayo inaweza kupanda. Kumbuka pia kwamba watu wasio na kundi la damu la Lewis hawatengenezi CA 19-9 kabisa, kwa hiyo kwao namba ndogo haithibitishi usalama.

Tuchukue mgonjwa wa mfano, mwanamume wa miaka 58 asiye na dalili, mwenye sisti ya sentimita 4 inayoning'inia kwenye mkia wa kongosho, CA 19-9 iliyopanda kidogo, na CEA ya majimaji inayozidi 1,000. Kwa namba peke yake, mtu huyu anaandikiwa upasuaji. Lakini tazama sirinji. Kilichovutwa hakitiririki, ni kitu cheupe kama maziwa mgando, kinachokataa kupita kwenye sindano nyembamba na kuacha chembechembe kwenye plastiki. Ukikipaka kwenye kioo na kukitia rangi, unaona magamba ya waridi na ya machungwa yasiyo na kiini, yametapakaa kama majani makavu, pamoja na fuwele za kolesteroli zenye pembe zilizomegeka, na kati yake limfosaiti. Hakuna ute. Hakuna seli zenye kiini kikubwa chenye umbo baya. Picha hiyo ya kioo ina uzito kuliko ile namba, na kwa mgonjwa asiye na dalili inatosha kufungua mazungumzo ya kumfuatilia badala ya kumpasua, kwa kuwa sisti hii haihesabiwi kuwa hatua ya kuelekea saratani.

Tahadhari mbili zinafaa kusemwa hapa. Magamba machache ya seli bapa yanaweza kuwa yameokotwa njiani, kwa kuwa mpira wa endoskopi umepita kwenye umio. Kinachothibitisha ni wingi wake pamoja na limfosaiti. Vilevile sisti ya demoidi, ambayo ni adimu zaidi, ina seli bapa pia, lakini huwa na mafuta, nywele au tezi za mafuta, na CT huweza kuonyesha mafuta hayo waziwazi.

Sisti ndani ya wengu mdogo wa ziada

Watu wengi wana wengu mdogo wa ziada, na kwa baadhi yao umejificha ndani ya mkia wa kongosho. Ndani ya wengu huo huweza kujitengeneza sisti yenye utando wa seli bapa. Kwa kuwa iko mkiani, kwa kuwa ina sehemu ngumu inayong'aa, na kwa kuwa CA 19-9 na CEA zinaweza kupanda, karibu kila kitu kinamsukuma tabibu kuiita sisti ya ute au uvimbe wa nyuroendokrini, yaani wa seli zinazotengeneza homoni.

Jibu liko kwenye ile sehemu ngumu. Ilinganishe na wengu mkuu katika kila awamu ya CT na kila mfuatano wa MRI. Tishu ya wengu hung'aa kwa mistari na mabaka katika awamu ya mishipa ya ateri, kisha hutulia na kuwa ya rangi moja. Sehemu ngumu ya sisti ikimfuata wengu awamu kwa awamu, hapo shaka imeelekea upande wa wengu. Kinachoweza kuthibitisha ni kipimo cha nyuklia kinachotumia chembe nyekundu za damu ya mgonjwa zilizodhoofishwa kwa joto na kuwekewa teknesiamu 99m, kwa sababu tishu ya wengu ndiyo inayozikamata chembe hizo. Sehemu ikiwa nyembamba sana, kipimo kinaweza kushindwa kuiona, kwa hiyo jibu la hapana halifungi mlango. Kama kinyama kimechukuliwa kwa sindano, mwambie mwanapatholojia kwamba unashuku wengu. Rangi ya CD8 hupaka kuta za mifuko ya damu ya wengu, jambo ambalo hatalifanya asipoambiwa.

Limfanjioma na nyingine

Limfanjioma hutokana na mirija ya limfu isiyoungana vizuri, na huwapata zaidi wanawake. Ni mkusanyiko wa vyumba vyenye kuta nyembamba unaoweza kuwa mkubwa sana, na hujipenyeza kati ya viungo badala ya kuvisukuma. Majimaji yake yakiwa meupe kama maziwa, pima trigliseraidi siku hiyo hiyo. Kiwango kikubwa, pamoja na limfosaiti nyingi na CEA ndogo, kinatosha kwa vitendo. Mirija midogo inayopakwa kwa rangi ya D2-40 ndiyo inayothibitisha kwenye kinyama.

Kuna pia badiliko la sisti la seli za asinasi, zile seli zinazotengeneza vimeng'enya. Huweza kuwa kifuko kimoja au vingi, na amilesi, mojawapo ya vimeng'enya hivyo, inaweza kuwa juu katika majimaji yake, hivyo huchanganywa kirahisi na uvimbe wa mifereji. Utambuzi wake ni wa hadubini, kwa rangi za tripsini na BCL10. Sisti za kuzaliwa, sisti za utumbo uliojirudufu, ambazo ukuta wake una misuli kama ya utumbo, na sisti zinazotokana na mfereji kuziba hutajwa hapa ili zisisahaulike. Ile ya mfereji kuziba inahitaji swali moja zaidi: ni nini kilichouziba? Wakati mwingine ni saratani ndogo iliyojificha nyuma ya sisti, na mfereji ukipanuka ghafla mahali pamoja usikubali jina la sisti ya kawaida kabla ya kupatazama hapo kwa karibu.

Sisti ya hidatidi, inayoletwa na mnyoo wa Echinococcus, ni nadra kongoshoni, lakini inabadilisha utaratibu mzima. Kwa mtu aliyeishi karibu na kondoo na mbwa, au aliye na sisti nyingine kwenye ini au mapafu, pima serolojia, yaani kingamwili za mnyoo huo kwenye damu, kabla ya kuchoma sindano, kwa sababu kuvuja kwa majimaji yake kunaweza kuleta mshtuko mkali wa mzio na kusambaza mnyoo tumboni.

Kuchoma sindano na kuyatunza majimaji

Altrasaundi ya endoskopi humfikisha mtaalamu umbali wa milimita chache kutoka kwenye sisti, kupitia ukuta wa tumbo la chakula au duodeni. Ifanye pale tu ambapo jibu lake litabadilisha uamuzi. Sistadenoma yenye sura ya sega la nyuki isiyo na shaka haihitaji sindano, na mgonjwa atakayepasuliwa vyovyote vile haihitaji pia. Madhara si mengi, lakini yapo: kuvimba kwa kongosho, kutokwa damu, maambukizi.

Ukishuku uji wa keratini, anza na sindano ya geji 19 kama njia inaruhusu, kwa sababu ile ya 22, iliyo nyembamba zaidi, huziba. Yakitoka majimaji, yatazame kabla hujayagawa, uandike rangi na uzito wake kwa maneno yako. Weka tone kati ya vidole viwili vilivyovaa glavu na uvitenganishe taratibu: uzi unaorefuka kufikia sentimita 1 bila kukatika kwa sekunde moja unaashiria ute. Kipimo hiki hakihitaji chochote zaidi ya mkono, na inasikitisha kwamba ripoti nyingi hazikitaji.

Majimaji yakiwa machache, yagawe kwa swali lililo muhimu zaidi. Glukosi inahitaji tone tu. Chini ya miligramu 50 kwa desilita, takriban milimoli 2.8 kwa lita, huelekeza kwenye ute, ingawa sisti bandia na zenye maambukizi huweza pia kushuka. Amilesi iliyo chini ya yuniti 250 kwa lita karibu inaiondoa sisti bandia. CEA iliyo chini ya 5 huelekeza kwenye sistadenoma ya majimaji mepesi au sisti bandia. Mabadiliko ya jeni za KRAS na GNAS yakipatikana, acha kutafuta ugonjwa adimu, kwa maana umeupata uvimbe wa ute; yale ya jeni ya VHL peke yake yanaelekeza kwenye sistadenoma ya majimaji mepesi.

Mabaki mazito usiyamwage. Yaweke kwenye fomalini ili maabara ipate kutengeneza bloku ya seli, yaani kipande cha nta chenye seli kinachoweza kukatwa vipande vyembamba, kwa sababu rangi zote nilizotaja hapo juu zinahitaji tishu iliyo kwenye bloku. Ambapo vifaa vipo, koleo dogo linalopita ndani ya sindano ya geji 19 huchukua kinyama cha ukuta wenyewe, na kinyama chenye seli bapa juu na limfosaiti chini hakiachi mjadala. Umwandikie mwanapatholojia njia sindano iliyopita, kwa sababu seli za ute za tumbo la chakula zilizookotwa njiani zimewafanya wagonjwa wengi waitwe wenye sisti ya ute.

Shaka ikibaki hata baada ya hayo, hasa kwa mwanamke mwenye sisti mkiani isiyoungana na mfereji, upasuaji unaweza kuwa uamuzi wa haki, na utambuzi unahamia kwenye meza ya patholojia. Hapo neno "sisti ya kawaida" lisiandikwe kwa haraka. Utando wa seli za sisti ya ute huweza kuwa umebanduka sehemu kubwa, ukaacha ukuta mtupu unaofanana kabisa na sisti bandia. Sisti nzima ikatwe vipande na kuingizwa yote kwenye bloku, na tishu ya chini ya utando ipakwe rangi za vipokezi vya estrojeni na projesteroni kutafuta ile inayofanana na ovari, kabla mgonjwa hajaambiwa kwamba ufuatiliaji wake umekwisha.